Mtunza Makoti Asiyetaka Makoti

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, ukungu bado umeikalia stendi. Mbele ya chumba chenye mlango wa bati, mwanamke mwenye begi dogo anavua koti la sufu na kulisukuma juu ya kaunta. Ndani yake amevaa gauni jepesi la maua, na miguuni kandambili, tayari kwa joto la mji wa pwani. Meno yanamgongana.

"Nikatie kadi, Baba Makoti. Nitalichukua nikirudi."

Mwanamume aliye ndani haligusi. "Livae, dada."

"Nilivae niende nalo wapi? Huko watu wanalala madirisha wazi!"

"Huko, ndiyo. Lakini kati ya hapa na huko kuna mlima."

"Kwani kazi yako si kutunza makoti?"

"Ndiyo kazi yangu."

"Basi tunza!"

"Sitaki."

Mwanamke anacheka akidhani ni utani. Kisha anamtazama usoni, cheko linamkauka. Analivaa koti lake na kuondoka akinung'unika kwamba siku hizi hata biashara zina mashetani.

Kwa miaka kumi na tisa, kila kipupwe, wasafiri wanaoteremka kutoka mji huu wa milimani wamekuwa wakimwachia makoti yao. Yeye ndiye aliyewafundisha kuvaa. Shati la pamba, suruali isiyobana, kofia ya jua, ndala. "Koti niachie mimi, usije ukaonekana mshamba," alikuwa akiwaambia, nao walicheka na kuvua.

Cha ajabu, mwenyewe hajawahi kufika pwani. Yote aliyoyajua aliyapata kwa waliorudi kuchukua makoti, ngozi zimewaiva, mchanga ungali kwenye mikunjo ya suruali.

Siku za baridi kali alipokea makoti hata sitini. Wiki hii nzima amepokea tisa, ya watu waliomshinda kwa ubishi. "Sitini yalilipa chumba na karo," anasema. "Haya tisa hayalipi hata msumari yanaponing'inia." Wasimamizi wa stendi wamemtaka arudishe ufunguo mwisho wa mwezi.

Kazi yake ina sheria moja. Anaandika namba kwenye kadi, anaichana katikati kwa mkono. Nusu anaibana kwenye koti, nusu anampa msafiri. Siku ya kurudi, nusu mbili zinawekwa pamoja. Mipasuko ikikaa sawasawa, koti linatoka. Isipokaa, halitoki. Aliwahi kumnyima shemeji yake aliyepoteza nusu, naye akaenda nyumbani anatetemeka na kumnunia mwaka mzima.

Nyuma kabisa, kwenye msumari wa peke yake, lipo koti la kijani lenye kifungo kimoja cheusi kisichofanana na vingine. Namba kumi na saba.

Ni la binti yake, kitinda mimba, aliyeitwa Kasuku kwa kuwa hakujua kunyamaza. Miaka miwili iliyopita, akiwa na miaka ishirini na miwili, alipata kazi ya kushona mapazia katika hoteli ya pwani. Asubuhi ya safari alikuja stendi amelivaa.

"Akaniuliza, 'Baba, nisibaki nalo mpaka nifike?' Kifua chake kilikuwa kibovu tangu utoto, na mimi nikijua. Nikamwambia utachekwa. Nikamvua kwa mikono yangu hii." Anaitazama mikono. "Nilipochana kadi akacheka. 'Hata mimi, baba?' Nikamwambia, hata wewe."

Basi lilikufa juu ya mlima, kwenye upepo na manyunyu, dirisha moja halina kioo. Kampuni ilikuwa imeonywa mara mbili kuhusu injini ile. Ilichukua saa kumi na moja kuleta basi jingine, na ndani ya basi hilo hapakuwa na blanketi hata moja.

"Walikuwa abiria thelathini na wanane," anasema. "Karibu wote niliwavua mimi."

Wengine walikohoa wakapona. Kasuku alifika pwani ana homa, akalazwa siku tisa kwa nimonia. Akazikwa huko huko. Kaka zake walikwenda. Baba hakwenda.

Kwa nini?

"Nilikuwa na makoti ya watu," anajibu.

Dada yake, anayeuza chai mlango wa pili, anaingia na kikombe. Anamwona kaka yake anavyolitazama koti.

"Bado tu? Mpe mtu avae, kaka. Baridi hii!"

"Halina nusu yake."

"Nusu ya nini? Mwenyewe yuko udongoni!"

"Hata kama."

Begi la Kasuku lilirudishwa: magauni matatu, mkasi wake, kitana, simu. Baba alikung'uta kila mfuko. Nusu ya kadi haikuwemo.

Sasa ana mpango. Wenye yale makoti tisa wakishachukua vyao, atarudisha ufunguo na kupanda basi kwenda pwani kwa mara ya kwanza. Ataliona kaburi. Kisha atakwenda hospitali ile kuuliza kama kuna mtu aliyeokota kipande cha kadi nyeupe, namba kumi na saba.

"Miaka miwili!" dada yake anasema. "Wodi imefagiwa mara ngapi?"

"Anayefagia huwa anaokota."

"Haya. Na wewe utavaa nini huko?"

Baba Makoti anageukia nje. Anatazama gauni la maua linalochungulia chini ya koti la sufu kwenye foleni ya basi, anatazama ndala zilizojaa stendi.

"Sijui," anasema.

Anageuka kwenye msumari wa nyuma. Kwa kidole gumba anaunyoosha polepole ukingo uliochanika wa nusu iliyobaki, usije ukajikunja, usije ukakataa kukaa sawasawa.

"Wakinipa nusu yake," anasema, "koti linatoka."