Mume Wangu Ndiye Mlinzi wa Bomba, Lakini Maji Yake Kwetu Hayanywewi

Admin, nifiche jina. Sema tu naishi Bwaise, hapa Kampala, Bwaise ni kubwa. Nina miaka thelathini na nne, Mkenya, nimeolewa na Mganda na tuna watoto wawili.

Serikali ilipotuletea tangi la maji lililoinuliwa juu ya nguzo za chuma, ili mafuriko yakija tusinywe uchafu, mume wangu alichaguliwa kulilinda. Ufunguo anao yeye, na dawa ya maji anatia yeye. Nami nilitembea kifua mbele, siwadanganyi.

Lakini tangu mafuriko ya majuzi, maji yetu ya kunywa anayaleta kwa bodaboda kutoka Kalerwe, jerikani limefunikwa gunia. Watoto amewakataza kabisa kugusa ya bomba. Nilipomuuliza alicheka, akaniita bibi kwa Kiganda: "Nnyabo, hiyo ingine ni ya kufua." Ya kufua! Mbona majirani anawaambia ni safi?

Nikaanza kuchungulia. Bomba linalopeleka maji tangini limepita ndani ya mtaro wa maji machafu, na kiungo chake kimefungwa kwa mpira wa baiskeli. Halafu tulipokwenda kwao kijijini kwenye matanga, nikaona mabomba mapya, rangi ileile ya yale ya serikali yaliyoletwa pamoja na tangi, yakipeleka maji kwa ng'ombe wa kaka yake. Nilipouliza alinikazia macho.

"Wewe ulikuja kuolewa ama kupeleleza? Ukisema, hii watu itaniua. Na wewe si mtu ya hapa, utaenda wapi?"

Labda ni mabaki tu, sijui. Lakini dalili ya mvua ni mawingu, na mtu asiye na kosa hatishii mkewe.

Jirani yangu Mkongomani, Mama Furaha, mtoto wake anaharisha hakomi. Juzi aliniuliza, "Dada, ile mayi ya bomba iko muzuri kweli?" Nikamwambia achemshe tu, na najua makaa yenyewe anayanunua kwa kopo. Nikaingia ndani nikalia.

Leo asubuhi kaniletea kuku. "Pelekea muzee, umwambie aksanti. Bila yeye tungekunywa mayi ya mutaro."

Nikisema, watoto wangu watakosa baba. Nikinyamaza, naogopa Mama Furaha atazika wake. Na sasa hivi mume wangu yuko mlangoni anauliza kuku atapikwa saa ngapi. Nishaurini jamani, nifanye nini?