Samaki wa Kuonekana na Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alipokuja kutoka Mpwapwa kusubiri zamu yake ya upasuaji wa macho, alikuwa haoni tena sura za watu. Alitutambua kwa sauti na kwa mwendo. Nyumba yetu ya mtaa wa Kikuyu, hapa Dodoma, aliizoea upesi kwa kupapasa kuta, na mahali alipopapenda kuliko pote ni kwenye kiti kilichokuwa mbele ya tangi langu la samaki.

Tangi lile nililianzisha nilipohamishiwa Dodoma kikazi. Mimi ni mtu wa Tanga, nimezoea kuona kijani mwaka mzima, na kiangazi changu cha kwanza huku, upepo ukipuliza vumbi hadi ndani ya sufuria, nilitamani japo pembe moja ya nyumba ibaki mbichi. Nikaweka mchanga, kipande cha gogo, majani ya majini ya kila namna, na kundi la samaki wadogo wenye mikia ya rangi, wasiozidi kidole.

"Mwanangu," mama aliniambia siku moja, "nasikia maji yanabubujika, na naona kijani. Mmefuga mlenda?"

"Kuna samaki humo, mama."

"Basi ni dagaa hao. Mimi naona mlenda tu."

Alisema akicheka, ila mimi nilisikia uchungu. Mtu ameketi mbele ya kitu kizuri kutwa nzima na hakioni! Nikamwambia mume wangu tutafute samaki mkubwa, ambaye hata macho yale yangemwona.

Mume wangu alikuwa na safari ya kikazi Mtera. "Mkubwa?" akasema. "Hilo niachie mimi."

Akarudi na ndoo. Ndani yake perege mzima, mpana kama kiganja, aliyempata kwa wavuvi kule bwawani. Moyoni nilikuwa na wasiwasi, lakini mume wangu alikuwa na furaha kiasi kwamba sikuweza kumkatalia. Tukamtia ndani.

"Namwona!" mama alipaza sauti. "Kivuli kinapita! Sasa huyu ndiye samaki!"

Kesho yake tuliporudi kutoka kanisani, majani yangu yote yalikuwa yanaelea juu kama mboga iliyolowekwa kwenye beseni. Perege alikuwa amechimba mchanga mpaka kioo cha chini kikaonekana, na wale wadogo walikuwa wamejibanza nyuma ya pampu. Nikamweleza mama yaliyotokea. Akacheka mpaka akashika mbavu.

"Kumbe mmeleta mkulima. Anatayarisha shamba!"

Perege tulimpeleka kwa mfanyakazi mwenzangu anayefuga samaki bwawani nje ya mji, akachimbe huko apendavyo. Nami nikapanda upya majani yangu, shina moja baada ya jingine, mikono ndani ya maji hadi viwikoni.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa natoka kwenda duka la samaki wa mapambo. Mama tayari alikuwa amejifunga khanga yake mlangoni. "Kama ni samaki wa macho yangu," alisema, "nitamchagua mwenyewe."

Mwenye duka, mwanamke wa makamo, alimwamkia shikamoo na kumwekea kigoda karibu na vioo. Mama aliwaona kwanza samaki wa dhahabu, wanene, wanaong'aa.

"Hawa!"

"Hao watakula majani ya mkweo kama mbuzi," mwenye duka akamwambia.

Tukasogea. Kulikuwa na mwingine wa kijivu, mkubwa kweli, lakini nilipouliza kama angewavumilia wadogo, mwenye duka alitikisa kichwa: chochote kinachoingia mdomoni mwake hakitoki. Huyo tukamwacha. Kwenye tangi la pembeni mama akainama, uso karibu uguse kioo.

"Kuna kitu cha rangi ya chungwa," alisema polepole. "Kinapita taratibu. Kinasimama. Kinapita tena."

Alikuwa gurami dume, kifua chake rangi ya chungwa lililoiva. Samaki mpole, mwenye duka alituhakikishia, asiyeng'oa majani wala kuwasumbua wadogo, na akikua hufikia urefu wa kutoka kifundo cha mkono hadi katikati ya vidole. Nilitaka kuuliza mengine, lakini mama alikuwa amekwisha amua. Tukachukua dume mmoja na majike wawili.

Nyumbani, mwanzoni walijificha kwenye majani. Kisha yule dume akajitokeza. Gurami ana nyuzi mbili ndefu chini ya kifua, na kwa hizo hugusa kila anachokutana nacho. Mama aliweka kidole kwenye kioo, samaki akasogea, akakigusa kioo upande wake.

"Anafanya nini?" mama akaniuliza.

"Anapapasa, mama. Ndivyo anavyojua vitu."

"Kama mimi," alisema, na uso wake wote ukachangamka.

Zamu ya hospitali ilifika, na upasuaji ukaenda vizuri. Siku aliyofunguliwa bandeji aliniangalia kwa muda mrefu, akasema nimenenepa, jambo lililotufurahisha sote. Nyumbani alienda moja kwa moja kwenye kiti chake.

"Jamani, wana shanga!" alisema. Ni kweli, mwili wa gurami umejaa vidoa vyeupe, kama shanga zilizotungwa moja moja. Kisha akawaona wale wadogo wakimiminika kutoka kwenye majani, na kwa heshima zote akawasalimu kwa Kigogo: "Mbukwenyi!"

Alikuwa arudi Mpwapwa baada ya daktari kumkagua. Lakini asubuhi moja aliniita kutoka sebuleni: "Njoo uone, mwanaume huyu anafua nguo!" Dume alikuwa anapuliza mapovu juu ya maji, chini ya jani pana, anayarundika kama povu la sabuni. Nikamweleza kwamba ni kiota, cha mayai.

Mama akachukua simu, akampigia mdogo wake kijijini.

"Wiki hii siji," nikamsikia akisema. "Huku kuna mtu anajenga nyumba, na mke bado hajakubali kuingia. Nitakuja wakishaelewana."