Unyayo wa Kuku Kwenye Daraja la Maji

Miaka ile ya hamsini, watu wa Ruiru walikuwa wakitoka kanisani Jumapili na kwenda kutazama daraja la maji. Lilikuwa bomba nene lililovushwa bondeni juu ya nguzo za mawe, likipeleka maji Nairobi. Ukiweka sikio kwenye nguzo uliyasikia yakipita. Sisi tuliokaa chini yake tulichota mtoni kwa debe, lakini hilo halikuniuma. Aliyeniuma ni kaka yangu.

Mawe ya zile nguzo tuliyachonga sisi, baba, kaka na mimi, kwenye machimbo ya upande wa Thika. Kila mchongaji alikuwa na alama yake, aliyoikata kwenye kona ya jiwe ili nyapara ajue ni la nani, na likiwa limepinda ajue wa kumrudishia. Alama ya baba ilikuwa mistari mitatu iliyokutana, unyayo wa kuku. Vumbi lilipomharibu macho alimwita kaka, akampa nyundo yake na alama ile. Mimi akaniambia nijitafutie yangu. Hivyo tu. Haya, kaka ni kifungua mimba, lakini mkono wake ulikuwa mzito na kazini kila mtu alijua. Mwenye mkono wa baba nilikuwa mimi. Jioni ile nilimtazama akimeza ugali, nikatamani umkwame.

Siku moja kaka aliomba ruhusa kwenda Thika kumwona mchumba wake. Nikabaki na jiwe moja kutwa nzima, nikalinyoosha kingo mpaka nikaridhika. Lilipokwisha nikalikata unyayo wa kuku. Nilitaka tu kuona ungekaaje kwenye jiwe langu. Nilijiambia nitaufuta kesho, na kesho yake mkokoteni ulikuwa umeshalichukua.

Baadaye kaka akaacha machimbo, akawa fundi wa nyumba huko Thika. Jumapili moja akaja na mkewe kulitazama daraja, amevaa tai na kofia, viatu vinawaka. Mke amebeba chai kwenye chupa na viazi vitamu. Askari aliyelinda pale akatudai vipande vyetu vya utambulisho, na kaka akatoa chake kwa vidole viwili kama mtu anayetoa zawadi. Baba nilimshika mkono mimi, kama siku zote, lakini maneno yake yote yalikuwa ya kaka: safari ilikuwaje, kazi inaendaje, unakula vizuri?

Kaka akaanza kumwonyesha mkewe mawe yake. Hili langu, na lile pale. Baba naye akawa anapapasa nguzo, jiwe baada ya jiwe. Akafika kwenye moja akasimama. Akapitisha kidole ukingoni, akakirudisha, akatafuta kona, akakuta unyayo wa kuku.

"Hili ndilo jiwe," akamwambia kaka. "Mwanangu, sikujua mkono wako umefika hapa."

Kaka alilitazama jiwe, kisha akanitazama mimi. Alijua. Tulikuwa tumechonga bega kwa bega miaka mingi, na kazi yangu aliifahamu. Angeweza kunyamaza akalichukua. Mimi ningelichukua.

"Si langu hilo, Baba," akasema.

Halafu akaningoja. Maneno yalikuwa mdomoni kabisa. Lakini kusema jiwe ni langu ilikuwa kukiri kwamba nilijitwalia alama ambayo baba alikuwa ameunyima mkono wangu, na sifa ile niliyoililia ingegeuka aibu pale pale, mbele ya shemeji. Nikageuka kumpokea shemeji chupa ya chai.

Baba akacheka polepole. "Basi ni langu," akasema. "Nililichonga nikiwa bado naona."

Akaegemeza shavu kwenye jiwe, akasikiliza maji, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu macho yalipomharibika.

Tangu siku hiyo kila Jumapili Baba aliniomba nimpeleke, nami nilimpeleka mpaka alipofariki. Kaka sikumwonea wivu tena. Nilikuwa nikisimama nyuma ya mzee wangu, namtazama akilipapasa lile jiwe na kujisifu, na niliyemwonea wivu ni yeye.