Mkono wa Kuzungusha Gurudumu

Usiku wa kuamkia siku ya kwenda studio sikulala kwa sababu ya mkono wangu wa kulia. Nilijiuliza kama ni mkono mzuri kweli, au ni mama mdogo tu aliyeamua hivyo kwa kunipenda.

Mama mdogo aliuza omena, wale dagaa wa ziwani, mtaani Kisumu Ndogo, Kibera. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, sina kazi, nalala nyuma ya pazia chumbani mwake. Kama wauzaji wengi pale, hakukubali mtu yeyote tu amfungulie biashara. Mnunuzi wa kwanza akiwa na mkono mzito, omena hushinda mezani mpaka jioni. Kwa hiyo kila asubuhi alinipa sarafu yake mwenyewe, nami nikasimama mbele ya meza kama mgeni na kununua mkebe wa kwanza. Mauzo yakiwa mazuri alisema ni mkono wangu. Yakiwa mabaya alisema ni mvua, hata siku ambazo hakukuwa na wingu.

Ndiyo maana hata tiketi za kukwaruza nilizikwaruza mimi. Alinunua moja kila Jumapili kwenye kibanda kule Kawangware, tulikokwenda kanisani. Kiasi kimoja kikijitokeza mara tatu, mwenye kibanda alikulipa papo hapo. Lakini zikitokea picha tatu za televisheni hukulipwa kitu: uliandika jina lako na unakoishi nyuma ya tiketi, ukaituma mjini ndani ya bahasha, ukangoja. Kwenye kipindi cha televisheni bahasha zilitiwa ndani ya pipa kubwa, likazungushwa, mtangazaji akachomoa chache. Aliyetajwa alikwenda wiki iliyofuata kuzungusha gurudumu, na liliposimama, mshale ulionyesha zawadi yake. Aliyeogopa aliruhusiwa kuleta mtu wa kumzungushia.

Tulikuwa Lindi, mtaa mwingine wa Kibera, kwa fundi wa viti, mwenye televisheni iliyotumia betri ya gari, jina la mama mdogo liliposomwa. Mtangazaji alilivunjavunja, lakini Kibera aliitamka sawasawa. Mama mdogo alinishika kiganja mbele ya watu wote na kusema huyu ndiye atakayezungusha.

"Kumbe miaka yote ile chuoni ulikuwa unasomea gurudumu," fundi akaniambia, na chumba kizima kikacheka.

Mimi sikucheka. Mama mdogo alitaka mabati. Nyumba ya nyanya kule nyumbani ilikuwa ya nyasi, na ilivuja juu ya kitanda chake. Nililala nikiliona gurudumu: nikilivuta sana litapita, nikilivuta kidogo halitafika. Na nikiambulia zawadi ya mwisho, nyanya ataendelea kunyeshewa, na asubuhi mama mdogo atatafuta mtu mwingine wa kununua mkebe wa kwanza. Hilo la pili niliona aibu kulifikiria, lakini nililifikiria zaidi.

Studio walitukalisha kwenye benchi ukumbini. Mama mdogo alikuwa amevaa gauni la kanisani na kujipaka mafuta mpaka kwenye viwiko. Nikamwambia azungushe mwenyewe, kwamba mkono huu ndio ulioandika barua zote zile za kuomba kazi na hakuna aliyejibu.

Alinitazama kama mtu anayekadiria samaki.

"Nani alikwambia una bahati?" akasema taratibu. "Uliporudi kutoka chuo ulikuwa unalala mpaka saa sita, uso umegeukia ukuta. Ningekutoaje nje? Nikaona nikupe kazi ya asubuhi. Mkono wako ni mkono tu, mwanangu."

"Sasa mbona nizungushe mimi?"

"Nikikosa mimi, nitalia mbele ya watu, na nyanyako ataambiwa nililia. Ukikosa wewe, nitakucheka kutoka hapa mpaka Kibera."

Na akaanza kucheka hapo hapo, ameziba mdomo kwa leso, mabega yakitikisika, mpaka mlinzi akatugeukia. Nikajikuta nami nacheka.

Jina lake lilipoitwa tuliingia pamoja kwenye mwanga wa taa. Mtangazaji akauliza nani anazungusha. Nikamwambia ni mimi, ila mama asimame hapa karibu. Kisha nikashika ukingo wa gurudumu na kulivuta kwa nguvu zangu zote.