Darasa Lililosema kwa Sauti Moja

Wanafunzi walimwita Mama Semeni, kwa sababu neno hilo lilimtoka kabla hata hajaweka mkoba mezani: "Haya, semeni." Mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma, aliwahi kunitania kwamba nyumbani mkewe husema kwa niaba ya ukoo mzima, kwa hiyo ni haki aende kazini akasikilize wengine.

Mimi namwita dada, ingawa hatuna damu moja. Ndiye aliyenipokea shuleni nilipotoka chuo cha ualimu nikitaka kuibadilisha dunia kabla ya chai ya saa nne. Yeye alitaka kitu kidogo zaidi na kigumu zaidi. Mdogo wake wa kiume alifukuzwa kazi ghalani kwa wizi ambao hakuutenda. Wakubwa walimwita ajieleze, akasimama akitazama viatu vyake mpaka wakamwambia aende. "Haki alikuwa nayo," dada aliniambia. "Maneno ndiyo hakuwa nayo."

Basi aliomba kufanya utafiti katika kidato cha pili: kipindi cha kuzungumza, bila kunakili chochote ubaoni. Mkuu wa shule alimpa muhula mmoja. Mwishoni angekuja mkaguzi kuwasikiliza wanafunzi wenyewe. Akiridhika, kipindi kingebaki na kuenea madarasa mengine. Asiporidhika, muda huo ungerudi kwenye kukariri majibu ya mtihani.

Kila Ijumaa dada alikusanya maoni yao kwa namna yake. Aligeuza kiti akatazama ubao, akawapa mgongo, nao wakasema lolote kuhusu ufundishaji wake. Mimi nilikaa dawati la nyuma. Mwanzoni walichekacheka tu. Kisha msichana mmoja, ambaye wenzake walimbandika jina la Kufuli kwa jinsi mdomo wake usivyofunguka, akasema kwa sauti ndogo, "Nikianza kusema unanirekebisha, Mwalimu. Nikirekebishwa nasahau nilichotaka kusema. Bora ninyamaze."

Dada hakugeuka. Aliuliza tu kama kuna mwingine.

Wiki iliyofuata alikuja na chupa ya maji. Mwanafunzi akisimama, yeye anapiga funda na kulishikilia mdomoni mpaka mwanafunzi huyo amalize. Mashavu yalimvimba kama mpiga tarumbeta, darasa likavunjika mbavu. Lakini siku hiyo Kufuli alisimulia ugomvi wa shangazi zake mwanzo hadi mwisho, akimwigiza kila shangazi kwa sauti yake. Baada ya hapo hawakushikika. Walimwambia mada zake zinachosha. Walimwambia anawapendelea wenye midomo mirefu. Kila walichosema alikifanyia kazi, nami nilitoka darasani nikitembea kama mtu aliyeshinda uchaguzi.

Siku ya mkaguzi, mzee mpole mwenye miwani, dada alimwomba aone jinsi maoni yanavyokusanywa. Akageuza kiti, akawaambia waseme.

Kiranja akasimama. "Mwalimu wetu anafundisha vizuri sana. Kipindi hiki kimetusaidia kujiamini na kujieleza kwa ufasaha." Akaketi. Wa pili akasimama, akasema maneno yale yale. Wa tatu vile vile, hata mahali pa kuvuta pumzi hapakubadilika. Ndipo nilipoelewa kwamba wamefanya mazoezi. Walikuwa wamekubaliana kumlinda, na katika shule zetu mtoto hajui njia nyingine ya kumlinda mtu mbele ya mkubwa ila kumsifu.

Mkaguzi aliuliza kama hakuna hata jambo moja lisilowapendeza. Hakuna, wakajibu wote. Akamwita Kufuli. Msichana alisimama, akatazama mgongo wa mwalimu wake. Kwa nukta moja nilidhani atasema lake. Akasema la wote.

Ofisini mkaguzi hakuwa mkali, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Alisema watoto wanakariri vizuri, ila kukariri hakuhitaji kipindi kipya. Nilipaza sauti, nikamweleza Ijumaa zote alizozikosa.

"Kijana," akasema, "nilikuja kuwasikia wanafunzi. Nimewasikia."

Nje ya mlango Kufuli na kiranja walikuwa wanatusubiri, nyuso zinameremeta.

"Mwalimu," Kufuli akasema, "sikukosea hata neno moja."

"Hukukosea, mwanangu," dada akamjibu, akamweka sawa kola ya shati.

Walipoondoka nilitaka kuwafuata niwaambie ukweli wote. Kuwaficha, nilimwambia, ni kuwafundisha ule ule uoga tuliokuwa tunaupiga vita. Alinishika mkono.

"Na ukiwaambia, mdogo wangu? Kwamba mara ya kwanza walipothubutu kunisemea ndipo waliponiangusha? Watafungua mdomo tena lini?"

Nikaacha kuwafuata.

Jumatatu aliingia darasani na kitabu cha mitihani. Aliwaambia ratiba imebadilika, vyumba havitoshi, si kosa la mtu. Sikuwahi kumsikia akiwadanganya. Nilisimama mlangoni nikiomba mmoja tu, yeyote, ainue mkono amuulize vyumba vipi, mbona wamo kwenye chumba kile kile.

Walifungua madaftari, wakaanza kunakili.