Mama Anatembea, Mheshimiwa Hayumo

Watu wa kwetu wanaheshimu kila kazi isipokuwa ile wasiyoielewa. Ukiwaambia unatengeneza filamu za katuni, wanakutazama kwa huruma, kisha wanakuuliza kama umejaribu kuomba kazi ya kaunti. Shangazi yangu mmoja pale Migori alinishauri nichore mabango ya saluni, angalau watu wasuke nywele kwa ajili yangu.

Nilikuwa najifunza peke yangu, kwa kompyuta kuukuu iliyovuma kama kinu cha kusagia unga. Filamu yangu ya kwanza ingekuwa fupi: mama yangu akitembea kutoka sokoni Uriri hadi langoni kwetu, karai la omena, dagaa wa ziwani, kichwani. Basi. Mama alikuwa amefariki, na katika ukoo mzima uliojaa simu za kisasa hakuna hata mmoja aliyewahi kumpiga video. Walipiga mbuzi, harusi na mafuriko. Mama aliambulia picha ya kitambulisho, ikakuzwa kwa ajili ya mazishi hadi akaonekana kama mtu aliyeshikwa kwa wizi wa kuku.

Nilitaka nimwone akitembea tena, na baba naye amwone na amtambue. Sikutaka kingine. Baba ni mkulima wa miwa, na maneno matamu hayajui. Lakini kila jioni mama alipokaribia lango, baba aliinuka kwenye kiti chake, akaenda kumtua lile karai, akarudi kuketi.

Nikasikia kuna mafunzo ya katuni Homa Bay, katika hoteli iliyo ufuoni mwa ziwa. Mtaalamu alitoka Nairobi. Alivaa skafu ya sufu katika joto lile, na hapo hapo ningalipaswa kugeuka nirudi nyumbani. Asubuhi yote alituonyesha picha zake mwenyewe akiwa kwenye viwanja vya ndege. Baada ya chakula akaitazama kazi yangu huku akijichokoa meno.

Mama alichechemea. Aliwahi kuangushwa na bodaboda kwenye barabara ya Ndhiwa, na tangu hapo mguu wa kushoto ulichelewa kidogo, nyonga ikapanda, ndipo karai likatulia. Kule kuchelewa kulinitoa jasho. Sekunde moja ya filamu ilinidai michoro kumi na miwili, na mmoja ukikosea, anayetembea ni mwanamke mwingine kabisa.

"Hii walk iko na shida," mtaalamu akasema. "Mguu moja inachelewa."

"Ndivyo alivyokuwa akitembea."

"Watu hawatajua hivyo. Watasema hujui kazi."

Akaivuta kompyuta yangu bila kuomba, akanakili mguu wa kulia, akaubandika kushoto. Mama akaanza kutembea kama askari jela kwenye gwaride. Washiriki wakapiga makofi! Tukapigwa picha ya pamoja, tukagawiwa vyeti. Changu nimefunikia ndoo ya unga, na hapo kinafanya kazi nzuri. Mama nilimrudishia mguu wake jioni ileile.

Ukaja ukumbusho wa mama, mwaka mmoja baada ya mazishi. Baba mdogo, ndugu yake baba, ni mwenyekiti wa kila kamati yenye chakula, na hii hakuiacha. Alikuja nyumbani, akaitazama filamu hadi pale nilipokuwa nimefika, akakohoa.

"Nyathina, mwanangu, hii katuni yako ni sawa," akasema. "Lakini mheshimiwa mbunge wetu ndiye ametupatia tenti na viti. Si umuweke hapo mwisho?"

"Afanye nini?"

"Mama akifika kwa geti, mheshimiwa anampokea hiyo karai. Anaiweka chini. Halafu anapungia watu mkono."

Nilimwangalia nikidhani anatania. Hakuwa akitania. Mheshimiwa ambaye hakuwahi kununua omena hata ya paka wake, sasa ashike karai la mama yangu langoni kwetu, mahali pa baba! Nikakataa. Akasema basi hakuna skrini. Nikamwambia nitaikata filamu kabla ya lango, ili karai lisipokewe na mheshimiwa wala na mtu yeyote. Akafikiri sana, akauliza kama angalau jina la mheshimiwa linaweza kuandikwa. Hilo nikalikubali. Nikaliandika kwa herufi nyeupe juu ya mawingu meupe.

Siku yenyewe televisheni kubwa iliwekwa mbele ya tenti, karibu na ile picha ya mwizi wa kuku. Filamu ilipoanza watu wakacheka. "Katuni! Iteni watoto!" Waliovaa suti ndio waliocheka zaidi. Baba mdogo alikuwa ameinamisha shingo, anatafuta jina mawinguni.

Baba aliketi mstari wa mbele. Kazi yangu hakuwahi kuiita kazi. Aliiita mchezo wa mtu mzima asiye na shamba. Kwa hiyo nilimtazama yeye badala ya skrini, nikiwa tayari kukasirika.

Mama akatokea mwisho wa barabara. Mguu wa kushoto ukachelewa, nyonga ikapanda, karai likatulia. Akasonga mbele. Wanawake wa sokoni, waliouza naye miaka mingi, wakasogeza viti mbele. Na alipolikaribia lango nikamwona baba anaegemeza fimbo yake kwenye kiti, anashika magoti, anainuka. Mikono yake ikapanda hadi usawa wa uso.

Skrini ikawa nyeusi. Baba akabaki amesimama mbele ya umati ule, mikono juu, haina cha kupokea.

Kisha akageuka, akanitafuta kwa macho.

"Nyathina, mbona umemwacha na mzigo kichwani?"

  Nikamwambia kwamba filamu bado haijaisha.

"Basi fanya haraka," akasema. "Mimi nimeshasimama."