Rakaa Mbili kwenye Bariyeri

Mwaka ule wa vita baba alikuwa dereva wa kamyoneti, gari dogo la kubeba mawese, na mimi nilikuwa haya ya baba. Ndivyo mama alivyopanga. Jumamosi ambazo hatukuwa na masomo alinipandisha mbele, kando ya usukani, akiwaambia majirani kwamba naenda Bujumbura kumsalimia shangazi yangu wa Buyenzi. Ukweli niliujua. Baba alikuwa ameanza kunywa, na mama aliamini kwamba mwanamume wa Kiislamu hawezi kunywa na binti yake wa sekondari amekaa ubavuni. Hakuniambia nimchunge. Alisema tu, "Kaa karibu na baba yako."

Mimi ni mtu wa aibu. Mwalimu akiniuliza jambo, naangalia meza. Sijui mama alifikiri nitamwambia nini mzee wangu.

Baba hakuwa mlevi wa kuimba njiani. Alikunywa asubuhi kabla ya safari, kidogo, kwa mtu mmoja aliyepika kanyanga kwa kificho nyuma ya nyumba, pombe ambayo hata harufu yake inachoma. Halafu alitafuna tangawizi na karafuu. Alianza baada ya gari lililokuwa mbele yake kupigwa risasi kutoka mlimani. Dereva wa gari lile alikuwa rafiki yake wa chai. Baba hakusimulia. Nilichojua mimi ni mikono yake tu. Tukifika pale mlima unaposogea mpaka barabarani na ziwa liko chini upande wa kushoto, kama hajanywa mikono ilitetemeka juu ya usukani. Kama amekunywa, ilitulia. Mimi nilikaa nikiiangalia, na sikujua niombe ipi.

Magari hayakwenda peke yake. Tulikusanyika Rumonge, mjini kwetu, asubuhi, wasoda wenye bunduki wakatangulia na wengine wakafuata nyuma, tukaenda kama siafu. Hiyo ndiyo konvoi. Ukiachwa na konvoi, umeachiwa mlima na risasi zake. Sasa kulikuwa na dereva mmoja wa lori aliyelewa akaingia mtaroni, konvoi nzima ikasimama mahali pabaya, na wasoda waliokuja kutulinda wakaogopa kuliko sisi. Kutoka siku hiyo likatoka agizo: dereva anayenuka pombe anapokonywa permi, leseni yake ya udereva, palepale. Kamyoneti haikuwa yetu. Patroni, mwenye gari, alikuwa amesema waziwazi kwamba dereva asiye na permi kwake ni mpita njia. Na nyumbani hakuna mwingine aliyekuwa na kazi.

Jumamosi moja tuliamka hakuna aliyekuwa amelala. Usiku kucha milio ilitoka upande wa milima. Tuliondoka tumejaza bidoni, madumu ya mawese kutoka Kigwena, na juu ya bidoni walikaa wachuuzi. Mmoja wao alikuwa mama Mkongomani mnene, mwenye kuongea, aliyekwenda kuuza vitenge. Nilisikia harufu ya karafuu kabla hatujatoka mjini. Nikafungua kioo, nikaangalia ziwa.

Bariyeri ya Gitaza, kizuizi cha barabarani, ilikuwa kamba iliyofungwa kwenye mapipa mawili. Chini yake, ufukweni, wanawake walikuwa wanageuza ndagala, samaki wadogo wa kuanika, kwenye mchanga kama hakuna vita. Magari ya mbele yalipita moja moja. Sisi tukasimamishwa na jandarme, askari wa bariyeri, mmoja mwembamba, koti limemzidi.

"Amahoro, muzee. Zima moto ya gari. Permi."

Baba akampa.

"Macho yako ni mekundu."

"Nani analala, afande? Hata yako ni mekundu."

Jandarme alijipangusa macho kana kwamba angeweza kuutoa ule wekundu. Halafu akavua bereti, akaigeuza, akamsogezea baba mdomoni. "Hema humu."

Hapakuwa na mashine. Mashine ilikuwa pua yake. Baba akahema. Jandarme akaingiza uso kwenye bereti, akanusa taratibu, kama mtu anayeangalia kama maziwa yameharibika.

"Tangawizi," akasema. "Na kitu kingine."

"Ni mawese, afande," yule mama Mkongomani akapaza sauti kutoka juu. "Tunakalia mawese, tunavuta mawese. Hata bibi harusi ukimuweka hapa atanuka mawese."

Watu wakacheka kidogo. Jandarme hakucheka. Akainama kwenye dirisha langu.

"Wewe mwanafunzi. Baba amekunywa?"

Nikaangalia viatu vyangu. Nilitaka akamatwe, na nilitaka apite. Vyote viwili kwa moyo mmoja. Kama angeniuliza mara ya pili sijui kingetoka kipi, lakini baba alisema, "Muache mutoto," na jandarme akaniacha.

"Jamani, afande," mama Mkongomani akaendelea, "si unaona kofia yake? Watu wa musikiti hawanywi. Utasema hata kuku wako imelewa."

Jandarme akaitazama kofia nyeupe ya baba, halafu akatazama barabara, ambako mkia wa konvoi ulikuwa unasogea. Nadhani alikuwa anatafuta njia ya kutuondoa. Alikuwa amechoka na sisi, amechoka na bereti yake.

"Basi nitafanya hivi," akasema. "Nimeona Waislamu wakisali. Wanasimama, wanainama, wanaweka paji chini, wanasimama tena. Mulevi hawezi hiyo, ataanguka. Shuka, muzee. Sali kidogo tu, nikuone, nikupe permi yako uende."

Ilikuwa huruma. Hata mimi niliona ni huruma. Baba alishuka. Mama Mkongomani alikwishachomoa kitenge kipya kwenye mzigo, akamtupia. "Hiki hapa, muzee. Haraka, wanatuacha."

Baba alikishika kile kitenge. Nilijua hawezi kuanguka. Alikuwa ametuendesha kutoka Rumonge bila kuyumba hata mara moja. Rakaa mbili zisingemshinda. Akasimama anaelekea barabara, kitenge mkononi, bado kimekunjwa. Pumzi zake nilizisikia kutoka garini.

"Siwezi," akasema.

"Huwezi nini?"

"Siwezi kusali."

"Ugonjwa?"

"Hapana."

Mama Mkongomani akashusha sauti, lakini sote tulimsikia. "Piga tu magoti, baba. Mungu anajua kuna vita."

"Anajua pia nimekunywa," baba akasema.

Akakirudisha kitenge juu, kwa mikono miwili, kama kitu cha mtu. Jandarme alisimama na permi yake, akaonekana amekasirika kidogo, kama mtu aliyepewa mzigo asiouomba. Alifungua kifungo cha mfuko wa shati, akaiweka permi ndani, akafunga. Akasema kamyoneti isukumwe pembeni.

Wachuuzi walishuka na mizigo yao wakakimbilia lori la mwisho. Mwanamume mmoja alipita karibu na baba akasema, "Leo tunaachwa sababu ya utakatifu wa mulevi."  Kamba ikafungwa nyuma ya wasoda wa mwisho, na barabara ikanyamaza.

Nilibaki nimekaa mbele. Jandarme alikuja tena dirishani kwangu.

"Baba yako ni mujinga," akasema polepole, si kwa kutukana. "Angeinama tu. Mimi ningejua nini?"

Sijawahi kumjibu mtu mwenye bunduki. Nikasema, "Mimi ningejua."

Alinitazama, halafu akaenda kukaa kwenye kivuli cha pipa.

Tulilala kwa mwanamke mmoja wa ndagala. Patroni alifika kesho yake na dereva mwingine. Hakupiga kelele. Alinyoosha mkono, baba akaweka ufunguo. Tulirudi Rumonge na konvoi ya kurudi, juu ya mifuko ya saruji.

Mama alitoka mlangoni akaangalia nyuma yetu, akaona hakuna gari.

"Wamewapiga risasi?"

"Hapana."

"Umepindua gari?"

"Hapana. Jandarme aliniambia nisali, aniachie."

 Baba akavua viatu vyake vyenye vumbi la saruji.

"Hukusali," mama akasema.

"Sikusali."

"Na mutoto alikuwa pale?"

"Alikuwa."

Mama alikaa kwenye kizingiti, akashika kichwa. Nilifikiri atalia. Aliniambia niweke maji ya ugali motoni.

Permi haikurudi. Baba alikwenda Gitaza kuiomba. Akaambiwa jandarme yule amepelekwa sehemu nyingine, na waliobaki hawakujua mfuko wake una nini. Mtaani kila mtu alijua sasa. Msikitini walimwachia nafasi kama kawaida, na yeye akakaa safu ya nyuma. Ningependa kuandika kwamba aliacha pombe. Hakuacha. Anakunywa mara mojamoja, hapahapa, mama anamuona, na mimi situmwi tena kukaa karibu naye.

Anafanya kazi ya kukamua mawese kwa jirani, yeye na mwenzake wanasukuma mti mrefu wakizunguka pipa. Mahali hapo pako karibu na barabara. Asubuhi konvoi ikipita baba anasimama, mkono juu ya mti, anasikiliza magari bila kugeuza kichwa, mpaka ile kamyoneti ya patroni ifike na dereva wake mpya.

"Anabadilisha gia mapema," anasema.

"Sukuma, muzee," anasema mwenzake.

Anasukuma.